Upogo wa Galaksi: Kwa Kulinganisha na Nini?

Katika somo la istilahi mwaka jana kila mmoja wetu alipewa ukurasa mmoja wa Kiingereza kutoka fani asiyoijua, aufasiri kwa Kiswahili. Wenzangu walipata malaria, benki, ufugaji wa nyuki. Mimi niliangukiwa na elimu ya falaki: namna ya kupima umbo la galaksi kwa darubini za redio, na hasa kupima ni kwa kiasi gani upande mmoja wa galaksi unatofautiana na mwingine. Neno lililokuwa likirudi karibu kila mstari lilikuwa asimetria. Nikalifasiri "kasoro ya umbo", nikakabidhi kazi mapema nikijiona hodari.

Daftari lilirudi na swali moja pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Kasoro kwa kulinganisha na nini?" Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwamba niurudie ukurasa wakati wa likizo.

Nilichukua daftari lile hadi nyumbani Bambu, kwenye vilima vya dhahabu vya Kilo, nikidhani nakwenda kutafuta neno. Nilikaa nalo wiki tatu kabla ya kukubali kwamba siwezi kulipata neno bila kujua kipimo chenyewe kinafanya nini. Swali la mwalimu, kumbe, wanafalaki nao wamekuwa wakilikwaruza kwa zaidi ya miaka arobaini. Ninachoandika hapa ni yale niliyoyaelewa, kwa wasomaji wa kitivo chetu ambao, kama mimi wakati ule, hawajapata kuona sababu ya kujishughulisha na galaksi.

Nianze na ile inayoonekana kwa macho. Mwezi wa kwanza, wakati wa kiangazi, ukisimama Bambu usiku usio na mwezi na vilima visikuzuie kuona kusini, nyosha mkono na upime shubiri moja hivi juu ya upeo wa macho. Utaona baka jeupe hafifu ambalo unaweza kudhani ni moshi. Halisogei na upepo. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani ya galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi. Ukiliona kwa darubini utakuta lina ufito mnene wa nyota ambao haukukaa katikati, na mkono mmoja unaoonekana wazi upande mmoja tu. Ni galaksi iliyolalia upande, na kwa miaka mingi imekuwa mfano ambao wanafalaki huutaja kwanza wanapozungumzia maumbo ya namna hiyo.

Lakini nyota ni nusu tu ya habari. Galaksi nyingi za aina hiyo zina gesi ya hidrojeni inayotandaa mbali kupita mahali nyota zinapoishia. Gesi hiyo haing'ai machoni. Hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, yaani megahezi 1,420 hivi, karibu mara kumi na nne ya masafa ya stesheni za FM tunazosikiliza Bunia. Mholanzi Hendrik van de Hulst alitabiri wimbi hilo mwaka 1944, nchi yake ikiwa bado imekaliwa na Wajerumani. Mwaka 1951 Ewen na Purcell wa Chuo Kikuu cha Harvard walilipata kweli. Atomi moja ya hidrojeni hutoa wimbi hilo kwa nadra kupita kiasi, mara moja katika mamilioni ya miaka. Kinachotuwezesha kulisikia ni wingi wa atomi zenyewe.

Hidrojeni ya pembezoni imeshikwa kwa ulegevu. Galaksi jirani ikipita karibu, nyota za katikati huenda zisitikisike, lakini gesi ya pembeni huvutwa na kuburutwa, na alama hubaki. Mwaka 1974 watafiti waliotumia darubini ya redio ya Parkes huko Australia walionyesha kwamba nyuma ya Mawingu mawili ya Magellan kuna mkondo wa hidrojeni unaovuka digrii mia moja na zaidi za anga. Hakuna jicho lililowahi kuuona. Mfano mwingine ni wa kundi la M81: katika picha za mwanga wa kawaida galaksi zake tatu, M81, M82 na NGC 3077, zimekaa kila moja peke yake kama majirani wasiosalimiana. Ramani ya hidrojeni iliyochapishwa mwaka 1994 ilionyesha kuwa zimefungwa pamoja kwa madaraja ya gesi. Walikwisha kugombana au kukumbatiana, chagua neno lako, na ushahidi uko kwenye gesi peke yake.

Ndiyo maana watu wanataka kupima umbo la hidrojeni. Sasa, umbo hupimwaje?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa: kwa kuangalia. Edwin Hubble mwaka 1926 aligawa galaksi kwa maumbo yake, na kazi ya kuainisha ikawa ya jicho lililozoea. Njia hiyo ina heshima yake, lakini darubini mpya zinaishinda. MeerKAT, iliyozinduliwa mwaka 2018 katika nyanda kavu za Karoo nchini Afrika ya Kusini, ina antena 64, kila moja ikiwa na upana wa mita 13.5. Antena moja peke yake kwenye wimbi la sentimita 21 huona anga kwa baka la digrii moja, mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Haiwezi kuchora kitu. Zikiunganishwa zote 64, zilizosambaa kwa kilomita nane, zinatenganisha vitu vilivyoachana kwa chini ya sehemu moja ya mia sita ya digrii. Darubini za namna hiyo zinaleta galaksi kwa maelfu. Hakuna atakayeketi kuziangalia moja moja na kusema hii imelala, hii imesimama sawa. Kompyuta itatoa namba, na namba hiyo itaaminiwa.

Namba yenyewe hupatikana kwa njia ambayo mtu wa kanga angeifahamu mara moja. Najua kwetu Ituri vazi ni kitenge, lakini hakuna mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua sehemu za kanga: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa upande wa chini wa mji. Itandaze mezani uipige picha. Izungushe nusu mzunguko, digrii 180, juu iwe chini, uipige tena palepale. Kisha weka picha moja juu ya nyingine na utoe rangi ya moja kutoka kwa nyingine, nukta kwa nukta. Pindo litalala juu ya pindo na kujifuta. Mji, kama michoro yake inalingana, utajifuta pia. Kitakachobaki ni jina. Tena litabaki mara mbili: mara moja chini pale lilipoandikwa, na mara moja juu likiwa limepinduka.

Galaksi hufanyiwa hivyohivyo. Izungushe nusu mzunguko, itoe kutoka kwa nafsi yake, jumlisha tofauti zote bila kujali alama ya kuongeza au kutoa, kisha gawa kwa mara mbili ya jumla ya mwanga wote. Mara mbili, kwa sababu kila kisicholingana kimehesabiwa mara mbili, kama jina la kanga. Sifuri maana yake picha inajirudia kikamilifu. Kadiri namba inavyokaribia moja, ndivyo nusu hii isivyofanana na ile. Kipimo hiki kilienea baada ya kazi za Christopher Conselice na wenzake, hasa makala yake ya mwaka 2003, iliyokiweka pamoja na vipimo vingine viwili: mwanga umejikusanya kiasi gani katikati, na umejaa mabonge kiasi gani. Kwa mwanga wa kawaida, alisema, galaksi iliyo katika kugongana na nyingine kwa kawaida hupita 0.35. Watu wa redio waliazima kipimo hicho kwa ajili ya ramani za hidrojeni.

Kwa nini kuzungusha, badala ya kukunja kama mtu anayekunja karatasi? Sisi wa lugha tuna jibu rahisi. Kunja herufi A kwa wima katikati, nusu moja italala juu ya nyingine. Jaribu kuikunja S: haikubali. Lakini izungushe nusu mzunguko, itabaki S ileile. N na Z nazo vivyo hivyo. Galaksi zenye mikono inayojisokota ni ndugu za S. Ukizipima kwa kuzikunja utaziita mbovu zote. F haikubali kukunjwa wala kuzungushwa, na ndiyo aina tunayoitafuta.

Mpaka hapo nilidhani nimemjibu mwalimu: galaksi inalinganishwa na yenyewe. Jibu ni la kweli, ila lina mtego, na mtego huo nitauonyesha kwa hesabu ya shule ya msingi. Chukua galaksi ya vyumba vitano tu vilivyopangwa mstari, yenye mwanga 1, 4, 9, 4, 1. Igeuze: 1, 4, 9, 4, 1. Tofauti ni sifuri. Safi. Sasa tuseme nimekosea kuweka kitovu, nikazungushia kwenye ile 4 ya kushoto badala ya kwenye 9. Upande wa kushoto wa kitovu changu kuna 1 kisha anga tupu; upande wa kulia kuna 9, 4, 1. Ukijumlisha tofauti unapata 26. Jumla ya mwanga ni 19, mara mbili yake 38. Kipimo kimetoka sifuri hadi 0.68. Galaksi haijatikisika hata kidogo; nimesogeza kidole changu chumba kimoja.

Kwa hiyo kitovu ndicho kila kitu. Dawa iliyotumiwa na Conselice na wenzake ni kujaribu vitovu vingi, hatua ndogondogo kuzunguka mahali panapodhaniwa, na kuchukua kile kinachotoa namba ndogo kuliko zote. Ni dawa nzuri, nami sina ugomvi nayo, lakini tazama inachokifanya: inaipa galaksi nafasi bora ya kujitetea. Kitovu kilichochaguliwa si lazima kiwe pale nyota zinapong'aa zaidi, wala pale gesi inapozungukia. Ni pale ambapo galaksi inajifanana zaidi.

Mtego wa pili ni makelele. Kila darubini ya redio husikia mchakarisho wake yenyewe pamoja na wa anga, namba ndogo zinazopanda na kushuka bila mpango. Chukua vyumba vitano vya anga tupu, ambamo hamna galaksi kabisa: 1, 0, −1, 1, −1. Vigeuze na utoe. Jumla ya tofauti ni 6. Sasa chukua galaksi ya 1, 4, 9, 5, 3, ambayo machoni inaonekana kweli imelalia kulia. Igeuze na utoe. Jumla ni 6. Sita ileile! Gawa kwa 44 upate 0.14, uandike kwamba umegundua galaksi isiyolingana, nawe umepima mchakarisho wa mashine. Kwa sababu tunatupa alama ya kutoa, makelele hayajifuti kamwe, daima yanaongeza. Galaksi hafifu, basi, huonekana mbaya kuliko ilivyo. Wanaopima kwa uangalifu hupima pia kipande cha anga tupu kilicho jirani na kutoa kiasi chake, na hata hivyo hesabu haiishi hapo. Mwaka 2016 Giese na wenzake walishughulikia jambo hili kwa ramani za hidrojeni hasa, wakaonyesha jinsi kipimo kinavyoyumba kufuatana na nguvu ya ishara ikilinganishwa na makelele.

Umbali nao hufanya kinyume. Kanga iliyoanikwa ng'ambo ya bonde huoni jina lake, unaona rangi tu. Galaksi iliyo mbali, ikitazamwa kwa darubini isiyotenganisha vizuri, huonekana laini na yenye kulingana. Makelele yanapandisha namba, ukungu wa umbali unaishusha. Mtu anayelinganisha galaksi za karibu na za mbali bila kurekebisha mambo haya mawili anaweza kusimulia historia nzima ya ulimwengu ambayo haikutokea.

Baba mdogo wangu hununua dhahabu kidogokidogo kwa wachimbaji wa Bambu. Mizani yake ni ya kizamani, visahani viwili na ufito. Jioni moja alinikuta na daftari akauliza linahusu nini. Kwa kuwa kumweleza kanga kungekuwa kazi ndefu, nilimweleza njia nyingine ya kupima, ile ya kale zaidi, ambayo hata antena moja inaiweza.

Antena moja haioni umbo, lakini inasikia mwendo. Galaksi inazunguka, upande mmoja unatukaribia, mwingine unatukimbia. Wimbi kutoka upande unaokuja hufupika na la upande unaokwenda hurefuka, kama mlio wa pikipiki unavyobadilika inapokupita barabarani. Ukichora nguvu ya wimbi kwa kila kasi unapata mchoro wenye pembe mbili na bonde katikati, mfano wa kichwa cha mbuzi. Pembe moja ni ya gesi inayokuja, nyingine ya gesi inayokwenda. Unagawa mchoro katikati, unapima uzito wa nusu hii na wa nusu ile, unagawa kubwa kwa ndogo. Zikiwa sawa unapata 1. Zikiwa 60 na 50 unapata 1.2.

"Mwanangu, hiyo ni mizani tu," alisema, akaileta yake. Akaiweka tupu kwanza, akangoja. "Isipotulia tupu, usiweke kitu." Nikafikiria kile kipande cha anga tupu. Kisha akaweka kipande cha chuma kisahani cha kushoto na mawe yake ya uzito kulia, zikalingana. Akabadilisha, chuma kulia na mawe kushoto. Zililingana tena. Mizani ambayo egemeo lake limesogea kidogo, alisema, inaweza kutulia tupu vizuri kabisa na bado ikaiba, kwa sababu mkono mmoja wa ufito ni mrefu kuliko mwingine. Utaijua kwa kugeuza tu. Mchimbaji mwenye macho hudai vitu vigeuzwe kabla ya kukubali bei.

Sikumwambia kwamba alikuwa amenipa nusu ya makala haya. Katika mchoro wa pembe mbili egemeo ni ile kasi ya katikati tunayogawia, kasi ya galaksi nzima. Ukiisogeza kidogo kushoto, uzito unahamia kulia, na galaksi iliyo sawa inaanza kuonekana imelala.

Mizani hiyo, pamoja na hatari zake, ndiyo iliyoleta habari iliyolifuta neno langu "kasoro". Mwaka 1980 Baldwin, Lynden-Bell na Sancisi waliandika kuhusu galaksi zilizolalia upande, wakionyesha kwamba si ajali chache. M101 ni mojawapo maarufu. Mwaka 1994 Richter na Sancisi walipitia michoro ya hidrojeni ya galaksi 1,700 hivi, wakakuta kwamba angalau nusu yake haikulingana pande mbili. Nusu! Ukiita kasoro kitu kilicho na nusu ya wote, umeweka mfano bora ambao anga haijawahi kukuahidi. Hata galaksi yetu haijaepuka: tangu mwaka 1957 inajulikana kwamba sahani yake ya hidrojeni imepinda pembezoni, upande mmoja ukienda juu na mwingine chini, na mipindo hiyo miwili haifanani.

Tena kuna fumbo ndani yake. Gesi ya ndani huzunguka kwa muda mfupi kuliko ya nje, hivyo kilicholalia upande kingepaswa kusokotwa na kufutika baada ya mizunguko michache. Kama nusu ya galaksi bado zimelala, basi ama kitu kinazisukuma tena na tena, ama kuna kinachozishikilia. Jirani aliyepita karibu ni jibu la kwanza. Gesi mpya inayomwagikia upande mmoja ni la pili. La tatu ni kwamba maada ya giza inayoizunguka galaksi yenyewe haikukaa katikati. Espada na wenzake mwaka 2011 walipima galaksi zilizo pweke, zisizo na jirani wa karibu, wakakuta kwamba zinalingana zaidi kuliko zile za makundi mengine. Ila hata miongoni mwa hizo pweke kuna zilizolala. Majirani wana hatia, lakini si peke yao.

Hapo ndipo namba inakuwa na uzito wa ushahidi, na hapo ndipo kosa la kitovu au la makelele linakuwa ushahidi wa uongo. Jicho nalo lisingetuokoa kila mara, wala kipimo hakioni kila kitu. Galaksi iliyovurugwa ikatoa mikia miwili iliyo sawa, mmoja kila upande, ni S tena: ukiizungusha inajifuta, na kipimo kinaandika sifuri. Kwa sababu hiyo wapimaji huongeza vipimo vingine, kikiwamo kile cha Mwitaliano Corrado Gini, kilichoundwa mwanzoni mwa karne iliyopita kupima mali ya nchi imegawanywaje kati ya matajiri na maskini. Juu angani kinapima mwanga umegawanywaje kati ya nukta. Kinafanya kazi vizuri, nashangaa mimi mwenyewe.

Nirudi kwenye daftari. Lugha yetu imewahi kutoa jina angani: setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya falaki ya mionzi ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Kutoa jina ni sherehe. Istilahi ni kazi nyingine, nayo inakuja upande wetu tukitaka tusitake: Kenya ni mmoja wa washirika wa Afrika katika mradi wa darubini kubwa ya SKA, na antena za Longonot, zilizojengwa kwa mawasiliano ya setilaiti, zimo katika mipango ya kugeuzwa darubini. Mtu atalazimika kuwafundisha vijana kwa lugha wanayoielewa.

Nilikuwa na maneno mawili mkononi. Moja ni upogo, la mabaharia: chombo kilichopakiwa vibaya huenda upogo. Bambu hakuna chombo wala bahari, watu wangesema tu "inalala upande", lakini picha ni ileile ya kitu kizima ambacho uzito wake umekaa upande mmoja. Lingine ni kutolingana, ambalo baadhi ya wenzangu darasani walilipendelea. Mwanzoni nililikataa kwa sababu linadai kiunganishi: hailingani na nini? Baadaye nikaona ndiyo sifa yake. Na Kiswahili kina kile kiambishi kidogo, ji-, ambacho katika ukurasa wa Kiingereza hakikuwa na mwenzake. Galaksi haijilingani. Inalinganishwa na nafsi yake iliyogeuzwa, na neno linasema hivyo waziwazi.

Niliyaacha yote mawili, kila moja na kazi yake. Upogo ni hali ya galaksi, tunayotaka kuijua. Kutojilingana ni namba inayotoka kwenye kompyuta. Ile galaksi ya mikia miwili ina upogo mdogo na vurugu nyingi, na kutojilingana kwake ni sifuri. Lile anga tupu la vyumba vitano halina upogo, lakini kutojilingana kwake ni kukubwa. Mwandishi anayetumia neno moja kwa vitu hivyo viwili hawezi hata kuandika sentensi mbili zilizotangulia.

Daftari lilirudi tena mwezi wa pili. Upogo ulipita, kutojilingana kulipita, kukiwa na alama ya kuuliza ndogo. Lakini kila mahali nilipoandika "katikati ya galaksi" kulikuwa na mstari mwekundu, na pembeni: "Katikati ya nini?" Nimeanza orodha. Kitovu cha nyota ni pale panapong'aa zaidi. Kitovu cha mzunguko ni pale gesi inapozungukia. Kile cha Conselice, ambacho galaksi hukichagua yenyewe ili ijifanane, bado sijakipatia jina.